Kula bisi bila kuumiza fizi: kuanzia sufuriani hadi kwenye uzi wa meno

Mtu wa Mwanza anajua kula sato. Ulimi unatangulia kutafuta mwiba, vidole vinautoa, tonge linaendelea, wala mazungumzo hayakatiki. Bisi nazo zina mwiba wake, ila huu hauchomi. Ni lile ganda jembamba la rangi ya kahawia lililobaki katikati ya ua jeupe. Mwiba wa sato ukikuchoma unajua palepale. Ganda la bisi linateleza kati ya jino na ufizi, linatulia, na kesho yake jioni ndipo ufizi unaanza kupwita. Kufikia hapo mtu ameshasahau kwamba jana alinunua mfuko wa bisi stendi ya Nyegezi, anadhani jino limeoza.

Vitu vya kuogopa kwenye bisi ni viwili tu: ganda, na punje ambayo haikupasuka. Sehemu nyeupe haina ugomvi na mtu. Ukivishughulikia hivyo viwili kabla havijaingia mdomoni, kazi kubwa imekwisha.

Ganda linafanyaje

Punje nzuri ya bisi ina unyevu wa asilimia 13 hadi 14 hivi ndani yake. Joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, mvuke unasukuma kwa nguvu, ganda linashindwa kuuzuia na kupasuka, wanga wa ndani unafura na kukauka ukiwa povu jeupe. Ganda lenyewe halifuri. Linachanika vipandevipande vyenye kingo kali, vingine vimekunjamana kama magamba ya samaki. Ni nyuzinyuzi tupu, mate hayawezi kuliyeyusha. Ule weupe unalainika mdomoni kwa sekunde chache, lakini ganda linaweza kukaa siku tatu likiwa vilevile.

Sasa tazama jino linapokutana na ufizi. Pale pana kifereji kinachozunguka jino zima, na kwa mtu mwenye fizi nzima kina chake ni milimita 1 hadi 3. Kipande cha ganda kimepinda karibu kama ubavu wa jino ulivyopinda, kwa hiyo ukitafuna kinajibandika jinoni na kuzama. Bakteria wanakusanyika juu yake, ufizi unavimba, na uvimbe huo unaziba mlango kilikoingilia. Ndiyo sababu siku ya kwanza kukitoa ni kazi ya dakika mbili, na siku ya nne ni kazi ya daktari.

Punje isiyopasuka haina hila, yenyewe ni jiwe tu. Ukiiuma kwa gego kwa nguvu ile uliyoizoea kwenye bisi laini, jino linashtukizwa. Jino zima mara nyingi linastahimili. Jino lililozibwa tundu kubwa, au lililotibiwa mzizi likaachwa bila kuvishwa kofia, linaweza kupasuka, na mpasuko ukishuka hadi mzizini hakuna dawa isipokuwa kung'oa. Mtu aliyekulia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, huwa anaamini meno yake yanaweza chochote. Lakini matobolwa yanatafunwa taratibu na kwa kujua kwamba ni magumu. Punje ya bisi inakuja imejificha.

Wanaopaswa kuziacha au kungoja

Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe bisi kabisa, na hapa shida siyo meno: zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Mkubwa kidogo ale akiwa amekaa, asikimbie nazo mdomoni.

Aliyeng'oa jino angoje walau wiki 2. Kidonda cha jino ni shimo, na ganda likiingia humo linakaa. Mwenye vyuma vya kunyoosha meno aziache mpaka vitolewe, kwa kuwa punje inabandua vyuma na maganda yanajazana nyuma ya waya mahali ambapo mswaki haufiki. Mwenye gego la mwisho linalochomoza nusu, bado limefunikwa na kipande cha ufizi, naye akae mbali. Ganda linaingia chini ya kile kipande cha nyama kama bahasha, na uvimbe wake unaweza kumfanya mtu ashindwe kufungua kinywa.

Kanda hii ya Ziwa ina jambo jingine la kuzingatia. Maji ya baadhi ya visima vya Shinyanga na maeneo ya jirani yana floridi nyingi, na waliokunywa maji hayo utotoni wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Madoa mepesi hayana neno. Lakini jino lenye vishimo, ambalo uso wake unamomonyoka, tabaka lake la nje ni dhaifu na linabanduka kirahisi. Mwenye meno ya hivyo achambue bisi zake kwa makini kuliko wengine.

Na kama fizi zako zinavuja damu kila ukipiga mswaki, au una ugaga mgumu nyuma ya meno ya chini ya mbele, safisha kwanza kwa daktari. Fizi zilizolegea zina vifereji virefu zaidi, ganda linazama mbali zaidi.

Kupika ili punje chache zibaki

Bisi mbovu zinaanzia dukani. Punje zilizokaa wazi kwenye gunia juani zimepoteza unyevu. Zitapata joto, zitaungua, nyingi hazitapasuka. Nunua mahindi ya bisi yenyewe, siyo mahindi ya ugali, na yaweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Ukiona nusu ya sufuria inabaki punje, yaongezee maji: chupa ya lita 1 iliyojaa robo tatu, tia kijiko 1 cha chakula cha maji, funga, tikisa kila baada ya dakika chache mpaka maji yanywewe, kisha yaache siku 2 au 3 ndipo ujaribu tena. Usizidishe maji, yataota ukungu.

Kwa sufuria ya lita 4 au 5, weka mafuta vijiko 3 vya chakula na punje 3 tu. Funika. Zote tatu zikipasuka, mafuta yamefika. Tia nusu kikombe cha punje, epua sufuria kwa sekunde 30 huku ukiitikisa, halafu rudisha motoni. Hatua hiyo watu wengi wanairuka, nayo ndiyo inayofanya punje zipate joto pamoja na kupasuka karibu kwa wakati mmoja. Kwenye jiko la mkaa, ambalo moto wake hauna kitufe cha kupunguza, kuepua huko ni lazima zaidi.

Acha kifuniko kiwe wazi upande mmoja kwa upana wa kidole, mvuke utoke. Mvuke ukifungiwa ndani, bisi zinakuwa kama raba, na bisi za raba zinanasa kwenye meno kuliko zilizokauka. Mlio ukipungua mpaka sekunde 2 zinapita kati ya mpasuko mmoja na mwingine, epua na umimine. Usizing'ang'anie za mwisho, utaunguza zilizo tayari.

Kisha chambua. Mimina bisi kwenye chujio kubwa lenye matundu ambayo punje inapita, utikise: punje na maganda yaliyoachia yataanguka. Kama huna chujio, chukua ungo. Rusha mara tano au sita mahali penye upepo kidogo. Maganda mepesi yataondoka kama makapi ya mpunga, nazo punje nzito zitajikusanya chini. Chota bisi za juu kwa mkono uweke kwenye bakuli jingine, zinazobaki chini uzimwage. Yote hayo hayazidi dakika mbili, na kwa maoni yetu yanaokoa meno kuliko ushauri mwingine wowote ulio hapa.

Chumvi tia kabla ya kuchambua, tena iwe laini. Chumvi ya mawe yenye chembe kubwa nayo inagonga meno.

Ukinunua barabarani

Kwenye mashine ya kioo, punje zote zisizopasuka zinashuka chini. Muuzaji akichota kwa koleo lake kutoka sakafuni mwa kioo, anakupa mseto wa punje na maganda. Mwambie mapema: "Kaka, nichotee za juu." Hakuna atakayekukatalia, na wauzaji wengi wazuri wanafanya hivyo bila kuambiwa.

Zile zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni, ushike mfuko dhidi ya mwanga kabla ya kulipa. Kitako cha mfuko kinasema kila kitu. Ukiona safu ya punje nyeusinyeusi pale chini, chagua mwingine. Bonyeza bisi moja kwa kidole kupitia nailoni: ikivunjika ni kavu, ikibonyea na kurudi imeshanywa unyevu. Hewa ya ziwani ina unyevunyevu, na msimu wa mvua mfuko uliofungwa vibaya unalegea ndani ya saa chache.

Bisi za sukari, zile za waridi, ni habari nyingine tena. Sukari iliyoganda inaligundisha ganda kwenye jino, halafu bakteria wanaigeuza kuwa asidi. Mate yanahitaji nusu saa hadi saa nzima kukirudisha kinywa katika hali ya kawaida, na ukiendelea kudokoa bisi moja moja kwa saa tatu za mechi pale uwanja wa CCM Kirumba, meno hayapati nafasi hiyo hata mara moja. Kama unazipenda, uzile zote ndani ya dakika 20 na uache. Ni bora mfuko mzima kwa mara moja kuliko mfuko mmoja kwa mchana kutwa. Na usizisindikize na soda, maana soda ni asidi na sukari kwa pamoja. Maji yanatosha.

Namna ya kula

Chukua mbili au tatu, siyo kiganja kizima. Ukijaza mdomo, ulimi haupati nafasi ya kukagua. Bana taratibu kwanza kwa meno, uhisi: kama kuna kitu kigumu katikati, simama, kisukume mbele kwa ulimi, ukitoe. Hii ni ile ile akili ya kula samaki, ila wengi wanaisahau kwa sababu bisi zinaonekana laini.

Kama una gego lililozibwa au lenye ufa, tafuna upande mwingine. Kunywa funda la maji kila baada ya viganja vitatu au vinne, ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Maganda mengi bado hayajazama wakati huo, yanaondoka tu.

Zikibaki za mwisho, usiinue mfuko na kujimiminia kitako mdomoni. Watoto wanapenda sana kufanya hivyo kwa sababu chumvi au sukari yote iko huko. Ni hukohuko ziliko punje zote na maganda yote. Zimwage.

Baada ya kula

Sukutua kwa maji safi mara mbili au tatu, kwa nguvu, ukiyapitisha kati ya meno. Kama ulikula bisi za chumvi tu, unaweza kupiga mswaki wakati wowote. Kama zilikuwa za sukari au ulikunywa soda, ngoja dakika 30, maana uso wa jino uliolainishwa na asidi unasuguliwa ukatoka.

Mswaki uwe wa nywele laini. Ulaze kwa pembe ya nyuzi 45, nywele zikielekea pale jino linapoingia kwenye ufizi, na uzungushe mizunguko midogo. Dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere inamtosha mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Anayetumia mswaki wa mti atafune ncha mpaka nyuzi zilainike vizuri, akate sehemu iliyotumika kila siku, na asisugue kwa kukata kushoto na kulia juu ya ufizi.

Limenasa: kulitoa

Dalili yake ni kitu kinachosumbua mahali pamoja, ulimi unakwenda huko wenyewe, na ukibonyeza ufizi kwa kidole panauma kidogo. Nawa mikono, simama mbele ya kioo penye mwanga, halafu fuata mpangilio huu.

1. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, sekunde 30, tema, rudia mpaka glasi iishe. Tumia maji yaliyochemshwa. Maji ya ziwa mabichi yana kichocho na maradhi ya tumbo, usiyatie mdomoni.

2. Kama halijatoka, chukua uzi wa meno wenye urefu wa sentimita 45 hivi. Zungushia kwenye vidole vya kati, uache sentimita 3 au 4 za kufanyia kazi. Upenyeze kati ya meno kwa kuusogeza mbele na nyuma taratibu; usiushindilie kwa nguvu, ukaanguka na kukata ufizi.

3. Ukishapita, ukumbatishe jino moja uwe umbo la herufi C. Ushushe polepole chini ya ukingo wa ufizi mpaka ukutane na kizuizi laini, halafu uvute kuelekea juu ukikwangua ubavu wa jino. Mara tano au sita. Fanya vivyo hivyo kwa jino la pili, kwa sababu ganda laweza kuwa upande huo.

4. Bado? Funga fundo dogo katikati ya uzi, upitishe uzi, kisha uvute kwa pembeni fundo lipite pale pale panapouma. Fundo hunasa kipande ambacho uzi mtupu unakipita.

5. Sukutua tena. Damu kidogo ni kawaida, itakoma baada ya dakika chache.

Ukishindwa baada ya majaribio mawili, pumzisha ufizi. Sukutua maji ya chumvi mara 3 au 4 kwa siku na ujaribu tena kesho. Kuendelea kuchokoa kunavimbisha, na uvimbe unalifungia ganda.

Uzi wa meno unapatikana famasi kubwa na supamaketi za mjini. Tunajua kinachofanyika pale usipopatikana, hasa mwaloni na visiwani: mtu anakata kipande cha mshipi wa kuvulia. Usifanye hivyo. Nailoni ile ni nyembamba, haina ulaini, inakata ufizi kama wembe, na mshipi uliotumika una uchafu wa ziwa na wa chambo. Uzi wa pamba wa kushonea nao unakatika na kuacha nyuzi ndani, sasa una vitu viwili vya kutoa. Kopo moja la uzi wa meno linakaa miezi. Ukienda mjini, nunua.

Sindano, pini, njiti ya kiberiti, ncha ya kisu, ukucha: vyote hivyo vinalisukuma ganda ndani zaidi au vinatoboa ufizi. Kijiti cha meno kina nafasi yake kati ya meno yaliyoachana, kikiwa kimelazwa. Usikichomeke wima kuelekea ufizini.

Ukianza kuvimba

Kuna tiba za nyumbani ambazo zinaharibu. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa juu ya ufizi inauunguza ukawa mweupe. Ugoro hautibu kitu. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kwa muda, lakini yakiwa makali yanaunguza pia, na ganda linabaki lilipo. Kubwa kuliko yote ni kununua amoksilini duka la dawa na kumeza kwa kukisia. Maumivu yanaweza kupungua, usaha ukatulia, mtu akafurahi; lakini chanzo kimo ndani, na baada ya wiki mbili uvimbe unarudi.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 kwa siku. Weka kitambaa chenye maji baridi shavuni kwa nje. Usiweke kitu cha moto.

Nenda kwa daktari wa meno kama siku 2 au 3 zimepita na bado pana kitu, kama usaha unatoka, kama ladha mbaya haiishi mdomoni, au kama jino linauma hasa unapoachia baada ya kuuma. Hiyo ya mwisho ni dalili ya jino lenye ufa, na ufa ukiwahiwa jino linaweza kuokolewa. Kipande kikivunjika, kiweke kwenye maziwa na uende nacho. Mtu mwenye kisukari asingoje hizo siku, maana fizi zake zinashambuliwa haraka na kupona polepole.

Uvimbe wa uso unaosambaa, homa, kinywa kisichofunguka, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida: hiyo ni dharura, usiku au mchana. Mjini Mwanza kimbilia hospitali ya Bugando au ya Sekou-Toure. Aliye Ukara, Kome au kisiwa kingine chenye chombo kimoja au viwili kwa siku asiseme "nitaangalia kesho" akiona shavu limeanza kuvimba mchana. Apande chombo cha leo.

Ukifika, usiseme tu "jino linauma". Mwambie daktari ulikula bisi, siku gani, upande gani, umeshachokoa kwa kitu gani na umemeza dawa gani. Ganda la bisi mara nyingi halionekani kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo asipoambiwa anaweza kutafuta tundu kwenye jino ambalo halina tundu. Akijua ni bisi, atapitisha kifaa chake chini ya ufizi na kuanzia hapo.